Shajara ya mradi: maoni ya wasomaji wa riwaya za ujasusi wa vitani, kitabu baada ya kitabu

5 Januari: mradi unaanza

Mradi wenyewe ni huu. Tunasoma mfululizo mmoja wa riwaya za ujasusi za Vita Vikuu vya Pili, vitabu saba, na kila kitabu kikiisha nakusanya maoni ya waliokisoma nayaweka sehemu moja, ili atakayekuja baadae ajue aanzie wapi na ategemee nini. Jina la mfululizo naliacha makusudi, maana ninachotaka ni mtu aichukue njia hii akaitumie kwa mfululizo anaousoma yeye. Za aina hii ni nyingi na zinaendana, jasusi anashushwa kwa parachuti usiku kwenye nchi iliyotekwa, anafika anakuta mtandao wake umeshaingiliwa, halafu hapo ni kurasa mia mbili za kukimbia.

Steringi wetu ni mtu wa SOE, ile idara ya siri ambayo Uingereza iliianzisha Julai 1940 kwa kazi ya hujuma na kuwasaidia wapinzani wa Wajerumani kwenye nchi zilizokaliwa, makao yao yalikuwa Baker Street, London. Vitabu vinampeleka Ufaransa, Uholanzi, Lisbon, halafu anarudishwa tena Ufaransa. Ndo ramani nzima hiyo.

Njia ya kuanzia ni ya kawaida tu, kila msomaji anatoa nyota moja mpaka tano na sentensi mbili tatu za kwanini.

26 Januari: nyota hazina kazi

Kitabu cha kwanza kimeisha na nyota zimefeli kabisa. Karibu kila mtu katoa nne. Ukisoma sentensi zao unaona hizo nne hazifanani hata kidogo, mmoja kakipenda sana ila kaondoa nyota kwa sababu steringi hafi hata apigwe vipi, mwingine kilimchosha ila hakutaka kuonekana mgumu, mwingine kampa mwandishi pole ya kuandika kitabu kirefu. Namba moja, maana tatu, ukizijumlisha hupati kitu chochote cha kumsaidia mtu.

Na sentensi zenyewe zilikuwa za "kizuri sana", "kinasisimua", "mwisho umenivuruga". Hayo unaweza kuyaandika kwa kitabu chochote duniani.

Marekebisho: nyota nimezitoa, nimeweka maswali matatu tu kwenye kadi. Ni wapi ulishindwa kukiweka kitabu chini, au ni wapi ulikiweka ukasita kukirudia? Ni jambo gani hukuliamini? Ni jambo gani uliliamini kabisa, ukasema hapa huyu mwandishi anajua anachokisema? Msomaji anaandika na namba ya sura. Bila namba ya sura kadi inarudi kwa mwenyewe.

Lile swali la pili na la tatu niliyaweka kama nyongeza tu, nilitegemea la kwanza ndo libebe mradi. Kumbe ni kinyume chake, mtaona huko mbele.

16 Februari: mpangilio wa kusoma

Huu ndo ugonjwa wa mifululizo yote ya vita na unafaa kuchukuliwa kwa uzito. Vitabu havikutoka kwa mpangilio wa miaka ya vita. Kitabu cha tano kinarudi nyuma 1940, Ufaransa ndo inaanguka, steringi bado kijana hajui hata kushika redio, wakati kitabu cha kwanza kinamkuta 1942 ameshakomaa na ana siri moja ambayo inafunuliwa cha nne. Sasa wasomaji wangu wakagawanyika, wengine wanasoma kama vilivyotoka, wengine walitafuta orodha ya miaka wakaanza na cha tano. Maoni yao juu ya mtu mmoja, yule afisa wa London anayewatuma watu, yanapingana kama mbingu na ardhi. Walioanza na cha tano wanamwona ni mtu aliyebanwa, anatuma vijana kwa sababu hakuna mwingine. Walioanza na cha kwanza wanamwona katili na wanamchukia mpaka kitabu cha nne, ndipo wanalainika.

Wote wako sahihi kwa kile walichosoma. Ila ukichanganya kadi zao kwenye rundo moja unapata uji.

Marekebisho: kila kadi sasa ina mstari juu, umefika kitabu cha ngapi na umesoma kwa mpangilio gani. Marundo mawili, hayachanganywi. Na mtu haruhusiwi kusoma kadi za kitabu ambacho hajakifikia, kadi zinakaa kwenye bahasha yenye namba ya kitabu. Wapo walionuna kwa hili la bahasha, ila mmoja alishachomolewa utamu wote wa kitabu cha tatu na kadi ya mwenzake na akaacha kusoma kabisa, kumpoteza msomaji ni hasara kubwa kuliko kununiwa.

Ushauri wangu kwa sasa, kwa mfululizo wowote wa namna hii: soma kama vilivyotoka. Mwandishi alipokuwa anaandika cha tano alijua wewe umeshajua nini.

16 Machi: rundo la "hapa kaongeza chumvi"

Hapa ndo mradi umegeuka, nitakaa kidogo.

Vitabu vinne vimeisha, nikachukua majibu yote ya swali la pili, mambo ambayo watu hawakuyaamini, nikaanza kuyalinganisha na historia moja moja. Kazi ndefu, jioni nyingi zimeenda humo, na bando, na kuna sehemu unasoma mambo yanakunyima usingizi. Lakini kilichotoka ni kwamba yale ambayo wasomaji waliyakataa kwa sauti kubwa zaidi ndiyo yaliyotokea kweli.

Kitabu cha tatu, Uholanzi. Mtumaji wa redio anakamatwa, Wajerumani wanamlazimisha aendelee kurusha ujumbe kwenda London kama vile hakuna kitu. Anaacha kwa makusudi ile alama ya usalama, yaani kosa dogo alilopangiwa kuliweka kwenye kila ujumbe ili London wajue yuko huru. London wanaona alama haipo na wanaendelea kumjibu kama kawaida, wanatuma na majasusi wengine ambao wanashuka moja kwa moja mikononi mwa adui. Karibu kila kadi ilisema haiwezekani, mwandishi kachemka, hakuna ofisi yenye watu wazembe hivo.

Imetokea. Machi 1942 alikamatwa The Hague mtumaji wa redio anaitwa Huub Lauwers, akarusha bila alama ya usalama, London hawakushtuka. Hermann Giskes wa Abwehr, ujasusi wa jeshi la Ujerumani, akauendesha huo mchezo mpaka 1944. Majasusi wapatao 50 waliangukia mikononi mwao na wengi wao waliuawa kwenye kambi ya mateso ya Mauthausen Septemba 1944. Ukishajua hilo sura ile huisomi tena vilevile, unasoma kila ujumbe unaokwenda London na unataka upige kelele.

Halafu kuna yule rafiki wa steringi anayetoroka gerezani hukohuko Uholanzi, anapita nchi za watu mpaka Uswisi, anafika London kutoa taarifa, na London wanamtia ndani. Kadi moja iliandika kwamba hapo ndipo alipofunga kitabu. Nayo imetokea pia. Pieter Dourlein na Ben Ubbink walitoroka gereza la Haaren Agosti 1943, wakafika Uswisi, baadae Uingereza, na wakawekwa kizuizini kwa sababu Wajerumani walishatuma ujumbe kwa zile redio zilizotekwa kwamba hao wawili wamegeuzwa. Mwandishi hakuongeza chochote hapo, tena ukiniuliza mimi kapunguza.

Kitabu cha nne, Lisbon. Kuna mtu anawauzia Wajerumani ripoti kutoka "London" wakati hajawahi kufika London, anasoma vitabu vya maktaba na mwongozo wa watalii, anatunga. Wasomaji wakasema hii ni katuni. Juan Pujol García, Mhispania, alifanya hivohivo Lisbon 1941, na aliwahi kuwaandikia Wajerumani kwamba Glasgow kuna watu wako tayari kwa lolote wakipewa lita ya mvinyo. Waingereza walimchukua 1942 wakamfanya ndumilakuwili wao, akajenga mtandao wa wapelelezi 27 ambao hawapo, mmoja wao "akafariki" na Wajerumani wakalipa pensheni kwa mjane ambaye naye hayupo. Kufikia mwisho wa 1944 ana nishani ya Ujerumani na nishani ya Uingereza.

Kuna na panya. Sura fupi tu, panya waliokufa wamejazwa baruti, wanatupwa kwenye makaa ili mtu awasukumie kwenye tanuru na boila la mvuke lilipuke. Wasomaji walicheka. SOE waliwatengeneza kweli, shehena ikakamatwa kabla ya kutumika, na Wajerumani wakapoteza muda mwingi wakiwatafuta panya wengine ambao hawakuwepo.

6 Aprili: rundo la "hapa anajua anachokisema"

Nikageukia swali la tatu, yale waliyoyaamini. Rundo hili nalo lilihitaji muda wake, na limenifundisha zaidi kuliko lile la kwanza.

Sura iliyosifiwa kuliko zote kwa ukweli ni ya kitabu cha kwanza, Lyon, kiangazi 1942, doria za Wajerumani kila kona, steringi anapita kizuizi kwa vitambulisho vya kughushi. Imeandikwa vizuri mno, ukisoma unasikia viatu vya askari kwenye mawe. Ila Lyon wakati huo ilikuwa kwenye ukanda wa serikali ya Vichy, ile serikali ya Kifaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, Wajerumani waliuvamia ukanda ule tarehe 11 Novemba 1942. Kabla ya hapo wa kumwogopa barabarani alikuwa polisi wa Kifaransa. Ndo maana Virginia Hall, Mmarekani aliyekuwa SOE, aliweza kukaa Lyon na kazi ya uandishi wa habari kama kivuli chake na kuendesha mtandao kutoka hapo. Wajerumani walipokuwa mbioni kuingia ilibidi aondoke haraka, akavuka milima ya Pyrenees kwa miguu Novemba ile, na mguu wake mmoja ulikuwa wa bandia, alikatwa baada ya ajali ya bunduki Uturuki 1933. Sasa angalia: kitabu cha sita kina mwanamke mwenye mguu wa bandia anayevuka milima, na wasomaji waliotangulia kufika huko wameandika kwamba hapo mwandishi alitaka kututoa machozi tu.

La pili lililosifiwa ni redio. Steringi anakaa darini saa nzima anarusha ujumbe mmoja baada ya mwingine, jasho linamtoka. Wasomaji wakasema hii ndo kazi halisi. Kwa kweli Wajerumani walikuwa na magari ya kutafuta mwelekeo wa mawimbi, walikuwa wakikata umeme mtaa kwa mtaa wanasikiliza ni wapi redio imenyamaza, na nusu saa iliwatosha kumsogelea mtu. Anayerusha saa nzima toka nyumba moja anajikabidhi mwenyewe. Zile redio za sanduku zenyewe zilikuwa na kilo kama 15, na mtu anatakiwa alibebe sanduku barabarani kama vile lina nguo tu. Hilo la uzito mwandishi kalipata vizuri, wasomaji wengi wakalipita.

La tatu, Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, kila mahali. Kila Mjerumani asiyevaa sare ni Gestapo. Historia ina Abwehr upande mmoja na watu wa SD, ujasusi wa Wanazi wenyewe, na Gestapo upande mwingine, walikuwa wanagombania wafungwa na sifa mpaka Februari 1944 Hitler alipoivunja Abwehr ikamezwa na wale wengine. Ugomvi ule peke yake ungetosha kuwa riwaya.

Halafu kuna jambo ambalo wasomaji waliliona ni kosa na sio kosa. Kwenye vitabu vya kwanza hakuna hata mstari unaozungumzia Waingereza kusoma maandishi ya siri ya Wajerumani. Vitabu vya mwisho vinayo kwa wingi. Wakauliza mwandishi alisahau? Vitabu vya kwanza viliandikwa kabla ya 1974, na siri ya Bletchley Park, kituo cha Uingereza kilichosoma maandishi hayo, ilikuwa bado imefungwa, umma ulianza kuijua vizuri mwaka huo. Msomaji anayejua hilo anasoma vitabu vya kwanza akiona ushindi fulani umeelezwa kwa bahati au kwa jasusi mmoja shujaa, na anajua pengo liko wapi.

4 Mei: karatasi ya ukweli imeua mazungumzo

Nilikusanya yote hayo nikatengeneza karatasi moja kwa kila kitabu, hiki kilitokea, hiki hakikutokea, nikaigawa kabla ya kitabu cha tano ili watu wasome wakiwa na mwanga. Matokeo yalikuwa mabaya. Kadi za kitabu cha tano zote ni za kuwinda makosa. Aina ya ndege, vifungo vya koti, saa ya mwezi kuchomoza. Hakuna hata mmoja aliyeandika habari ya yule kijana na mama yake kituo cha treni, sura ambayo mimi naiona ndo bora kwenye mfululizo mzima.

Mzee mmoja tunayesoma naye, tunamwita Mwalimu kwa heshima, akaniambia vizuri tu: "Mwanangu, umewapa watu tochi halafu unashangaa wanamulika sakafu." Nikamwelewa.

Marekebisho: karatasi ya ukweli inatoka baada ya kadi kurudishwa, kamwe sio kabla. Msomaji asome kama msomaji, aamini anachoamini, akatae anachokataa, aandike, akabidhi. Ndipo apewe karatasi, na kadi ya pili yenye swali moja: baada ya kujua haya, kuna kitu umebadili mawazo? Ile kadi ya pili imekuwa hazina. Aliyefunga kitabu cha tatu kwa hasira pale mtoro anapofungwa alikirudia mpaka mwisho, akaandika kwamba safari hii ni hofu ndo ilimfanya akiweke chini mara kwa mara.

Cha tano tumekubaliana wanaotaka wakisome upya kitulie kwanza, huwezi kumfuta mtu karatasi kichwani kwa wiki mbili.

1 Juni: mtumaji wa redio wa kitabu cha pili

Kadi za kitabu cha pili ndo zinazopingana kuliko zote na nilikuwa nazikwepa. Mwandishi anamtambulisha mtumaji wa redio mwanamke, mpole, mwenye woga wa wazi, wakufunzi wake hawamtaki, na anamuua kabla ya kitabu kufika mwisho. Wasomaji wa upande mmoja wanasema ametumiwa tu, auawe ili steringi apate hasira ya kuendelea. Wa upande wa pili wanasema ndo mhusika pekee anayewakaa moyoni.

Karatasi ya ukweli ya kitabu hiki ilinichukua muda mrefu zaidi. Kitengo cha Ufaransa cha SOE kilituma wanawake 39, na 13 hawakurudi. Noor Inayat Khan alifika Juni 1943 kwa ndege ndogo ya Lysander, zile zilizotua shambani kwa mwanga wa mbalamwezi na tochi chache, wa kwanza mwanamke kutumwa Ufaransa kama mtumaji wa redio. Kwenye mafunzo wapo waliosema hafai. Ndani ya siku chache mtandao aliokwenda kuutumikia ulikamatwa, London wakataka arudi, akakataa kwa sababu angeondoka Paris ingebaki bila redio. Walimkamata Oktoba, wakamuua kwenye kambi ya mateso ya Dachau Septemba 1944. Wakati ule ilikuwa inasemwa mtumaji wa redio Ufaransa ana wiki 6 za kuishi, yeye alizipita kwa mbali.

Kadi za pili zilivyorudi, hakuna upande uliohama wote. Ila malalamiko yamekuwa makali zaidi na yana haki. Wanasema kama mtu wa kweli alikataa kuondoka, akachagua kubaki, basi mwandishi alikuwa na haki ya kumuua mhusika wake lakini hakuwa na haki ya kumnyima uamuzi, maana kwenye kitabu anakamatwa kwa kubahatisha tu, hajaamua chochote. Nakubaliana nao kwa asilimia zote. Kwangu hii ndo hoja nzito kuliko zote zilizotoka kwenye mradi mpaka leo, na nyota nne zisingeweza kuileta.

29 Juni: ilipofikia na gharama

Cha sita kimeisha kwa utaratibu mpya, kadi kwanza halafu karatasi. Yule mwanamke wa milimani walimkataa kama nilivyotegemea, karatasi ikatoka, na kadi za pili nyingi zinauliza tu wapi wanaweza kusoma habari za Virginia Hall.

Gharama kubwa ni muda wa kuhakiki, kila kitabu kinakula jioni za kutosha, kwa hiyo ukiwa peke yako usibebe zaidi ya mambo kumi kwa kitabu, chagua yale yaliyotajwa na wasomaji wengi, mengine yaache. Karatasi na bahasha ni kidogo. Wasomaji wachache wameondoka njiani, wengi wao kipindi cha nyota na kipindi cha karatasi ya ukweli, toka utaratibu ubadilike hajaondoka mtu.

Anayetaka kuiga achukue hivi: kadi ya kwanza ina mpangilio wa kusoma, namba ya kitabu na yale maswali matatu na namba za sura. Inakusanywa, inafungwa. Karatasi ya ukweli. Kadi ya pili, swali moja. Marundo ya mipangilio miwili yasichanganywe.

Kimebaki cha saba. Walioanza kukisoma wanaonekana wanakwenda polepole, na kwenye bahasha kuna kadi moja tu mpaka sasa, sijaifungua kwa sababu na mimi sijafika.